Harufu ya Nyumba ya Kizuka

Juzi kijana mmoja fundi bomba kanipigia simu. Simtaji jina kwa sababu mama yake namheshimu.

"Shikamoo, Mzee Makame."

"Marahaba."

"Mzee, niko kazini hapa, bafu linanuka. Nimwage dawa gani?"

"Linanuka kutoka wapi?"

"Si kutoka huko huko bafuni, mzee!"

Nikakata simu. Nilikaa barazani kwangu hapa Ng'ambo nikinung'unika peke yangu, mpaka mke wangu akatoka kuuliza nagombana na nani.

Nagombana na nyinyi. Nyinyi vijana mna mikoba mizuri ya vifaa, mna mashine za kukatia, mna taa za kufunga kichwani, mna picha za kazi zenu kwenye simu, halafu mtu akikwambieni bafu lake linanuka, mnauliza dawa. Dawa ya nini? Harufu ni hewa, na hewa haitoki hewani. Imepita mahali. Pana tundu, au ufa, au bomba limekatika, na wewe umeitwa ulitafute hilo. Ukimwaga dawa umemfanya mwenye nyumba anuke vitu viwili badala ya kimoja. Mimi nimestaafu, magoti yamekataa kupiga magoti, lakini pua bado ni nzima na hasira pia ni nzima, na leo mtanisikiliza.

Aliyenifundisha kazi hii ni Fundi Athumani, mtu mfupi, mkali, asili yake bara lakini amezaliwa na kuzeekea hapa hapa Ng'ambo. Ukimwita kwa kazi ya harufu hakufungua mkoba. Alikaa kitako na wenye nyumba akawahoji kama kadhi. Harufu imeanza lini? Kabla haijaanza kulitokea nini humu ndani? Inazidi saa ngapi? Inazidi jirani wa juu akioga, au bahari ikijaa? Maana Mji Mkongwe mabomba mengi ya zamani yanaelekea pwani, na maji ya bamvua yakipanda huisukuma hewa chafu irudi majumbani. Watu walimwona anapoteza wakati. Walitaka kumwona amelala chini ya sinki ndiyo waamini kwamba ni fundi.

Baada ya kuhoji aliingia bafuni, akavuta pumzi moja, akatoka. Alikataza kabisa kukaa ndani. Pua huchoka upesi, ukikaa humo muda wa kunywa kikombe cha kahawa hunusi tena kitu, utaapa kwamba nyumba ni safi. Ingia, nusa, toka, rudi. Anza na tundu la sakafuni, kwa sababu bomba lake limepinda na hukaa maji, na maji yale ndiyo kizuizi cha hewa chafu. Bafu lisipotumiwa siku nyingi, maji yanakauka na njia inakuwa wazi. Hapo unahitaji kopo la maji, basi. Nimewaona wageni wa hoteli wakihamishwa vyumba, meneja anapuliza manukato mpaka watu wanapiga chafya, na shida yenyewe ilikuwa kopo la maji.

Na msiende kazini mmejipulizia vitu. Nilipooa, mke wangu alinifukizia nguo zote, hata ya kazi, akanitia na asumini mfukoni. Nilifika kazini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Fundi Athumani alininusa kutoka mbali, akasimama njiani akanionyesha kidole. "Rudi nyumbani ukavae nguo ya mtu ambaye hajaoa," akasema. Mafundi wote walicheka, na jina la Bwana Harusi likanikaa mpaka nikawa na wajukuu.

Alikuwa na chombo kimoja ambacho nyinyi mtakicheka: chetezo. Chetezo hiki hiki cha kufukizia udi. Ukishaziba matundu yote ya bafu kwa matambara ya maji na harufu bado ipo, basi haitoki kwenye matundu. Washa udi, sogeza chetezo polepole kando ya ukuta na sakafu, utazame moshi. Ukipanda sawasawa, pita. Ukiyumba, simama, hapo pana hewa inayotoka au inayoingia.

Lakini chetezo ni baada ya kuuliza. Tuliwahi kuitwa Bububu kwenye nyumba nzuri tu, bafu linanuka vibaya sana. Siku hiyo Fundi Athumani alikuwa na homa, hakuwa na subira ya mazungumzo, akaingia kazini moja kwa moja. Tulifungua choo, tukafungua sinki, tukafukua mpaka nje uani. Bibi mwenye nyumba alituletea chai akawa anatutazama kwa huruma. Mwisho mmoja wetu akafungua kabati la taulo, akakuta doriani zima, tunda lile la harufu kali, limeanza kupasuka. Bibi kalificha wajukuu wasilimalize.

"Bibi, mbona hukusema?" Fundi Athumani akauliza, jasho linamtoka.

"Mbona hamkuniuliza? Nyinyi mmeniuliza habari za choo."

Basi sasa nikwambieni habari ya nyumba ya Kiponda, kule Mji Mkongwe, maana ndiyo iliyonikaa moyoni, na nikiikumbuka damu inanichemka kama siku ile. Nilikuwa nakaribia kuacha kazi. Aliyenipigia simu ni Bi Mwanakombo, mama mtu mzima wa mtaa ule, ambaye mimi na mvi zangu namwamkia shikamoo.

"Mwanangu Makame, njoo unitazamie bafu la Zuhura. Njoo na akili zako, usije na vyuma tu."

Bi Zuhura alikuwa kizuka. Mumewe, Mzee Khamis, alikuwa amefariki, naye anakaa eda katika nyumba yao ya chini, iliyo na familia nyingine juu yake. Bi Mwanakombo, aliyekuwa somo yake, aliyemfunda tangu usichana, alihamia kwake kumhudumia. Mnajua wenyewe, mwanamke akiwa eda hatoki bila ya dharura, hajipambi, hajitii manukato, na haonani na wanaume wasio maharimu wake. Lakini kuoga anaoga. Nani alisema haogi?

Aliyesema ni Bwana Suleiman, mdogo wake marehemu. Harufu ilipoanza, yeye alikwenda baraza ya kahawa ya mtaani akasema mbele za watu kwamba shemegi yake haogi. Ati kizuka anaogopa maji. Ati kila akiingia kumpa pole hutoka kichwa kinamuuma. Watu wazima na ndevu zao walitikisa vichwa, wakasema masikini, msiba umemchanganya. Hakuna aliyesema mimi nitakwenda kutazama bomba. Neno likatoka barazani likaingia sokoni, likarudi kwa Bi Zuhura kwa mdomo wa mwanamke aliyekuja kumtazama huku kajiziba pua kwa mtandio.

Kisha Bwana Suleiman akaleta shauri lake. Nyumba haikaliki, akasema. Bi Zuhura ahamishiwe Bububu, kwenye chumba cha uani cha jamaa zao, amalizie eda yake huko, na nyumba ifungwe itengenezwe. Na wakati huo huo kulikuwa na watu wanakuja naye wanasimama kichochoroni, wanatazama dari na milango, wanazungumza habari ya nyumba ya kulaza wageni.

"Akitoka hapa harudi, Makame," Bi Mwanakombo aliniambia. "Na atatoka na jina la uchafu. Mwanamke huyu, ambaye bi harusi gani wa mtaa huu hakuja kwake kufundishwa usafi?"

Nikafika na mkoba na chetezo changu mkononi. Nikapiga hodi. Bi Mwanakombo akafungua mlango, akatazama chetezo, akasimama katikati ya kizingiti.

"Hicho kiache nje."

"Bi Mwanakombo, hiki chombo cha kazi. Nnatazamia upepo."

"Hata kama. Udi hauingii humu mpaka eda iishe. Wataka waseme kizuka anajifukiza?"

Nilisimama pale kichochoroni nikapandwa na hasira ambayo sikuja nayo. Mwanamke kafungiwa na harufu isiyokuwa yake, na kitu kidogo ambacho kila nyumba ya mji huu hukimbilia kufunika harufu, yeye peke yake hana ruhusa nacho. Akinuka vibaya wanasema, akinukia watasema. Nikatoa udi wote, nikachukua chetezo kitupu.

Ndani nilimkuta Bwana Suleiman kakaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, kitambaa puani. Bi Zuhura alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia. Sikumwona siku ile.

Nikaingia bafuni nikavuta pumzi yangu moja. Ilikuwa harufu ya maji machafu, nzito, haina mashaka. Lakini hebu sikieni nilichokiona. Sakafu inang'ara. Brashi imesugua mpaka imeota upara. Kwenye kona kuna kopo la jivu na maganda ya ndimu yaliyokamuliwa yakakauka, na sabuni ya mche imelika imebaki kama ukucha. Mtu asiyeoga hamalizi sabuni hivyo. Ukutani palikuwa na marumaru mpya, nyeupe, na choo pia kipya. Bwana Suleiman alishaleta fundi kijana, ambaye alibadilisha choo kizima, akabandika marumaru mpaka juu, akasema kama bado kinanuka ni bahari, akaenda zake. Hakumuuliza mtu swali hata moja. Nyinyi hao!

Nikarudi nikakaa kitako karibu na pazia.

"Bi Zuhura, pole kwa msiba."

"Nshapoa, fundi."

"Harufu hii imeanza lini?"

"Tulipoanua matanga. Watu walipoondoka tu, nikaisikia."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nyumba yangu ilikuwa inanuka mchuzi."

"Inazidi wakati gani?"

"Wa juu wakioga. Na bahari ikijaa."

"Inazidi wakati wote," Bwana Suleiman akadakia. "Fundi, usipoteze muda. Mwanamke huyu..."

"Bwana Suleiman," nikamwambia, "nnazungumza na mwenye bafu."

Nikauliza swali la Fundi Athumani: kabla haijaanza, kulitokea nini humu ndani? Sauti ya nyuma ya pazia ikasema, "Alikufa mume wangu." Niliona haya. Nilisikia kama anataka kuongeza neno, lakini Bwana Suleiman akakohoa, naye akanyamaza.

Nikafanya kazi yangu. Nilijaza maji tundu la sakafuni, nikaliziba kwa tambara la maji. Nikaziba choo, nikaziba sinki. Nikafunga mlango, nikaenda kunywa maji kichochoroni kupumzisha pua. Niliporudi, harufu iko pale pale. Basi choo kipya cha Bwana Suleiman hakikuwa na hatia, na cha zamani alichokitupa nacho pia hakikuwa na hatia.

"Bi Mwanakombo, una makumbi ya nazi?"

"Makumbi yapo. Ya nini?"

"Makumbi si manukato. Hayo sheria haiyajui."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile, akaniletea. Nikatia makaa katika chetezo, nikaweka makumbi juu, nikaanza kuzunguka bafu. Moshi wa makumbi ni mzito na unaumiza macho, lakini unasema ukweli. Kwenye choo ulipanda sawasawa. Kwenye tundu la sakafuni ulipanda sawasawa. Nilipofika kwenye bomba la maji, pale linapoingia ukutani, moshi ukasukumwa ukaja usoni kwangu. Kigae cha marumaru hapo kimekatwa kwa mashine vizuri sana, lakini nyuma yake pamebaki mwanya, na hewa ya ndani ya ukuta inatokea pale. Kuta zetu hizi za mawe na chokaa zinanyonya. Ukizilowesha chini, zitakupa harufu juu, na ukizifunika kwa marumaru zitatafuta kitundu kimoja cha kutokea.

Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na chumba cha nyuma, safi, hakina kitu ila mkeka mmoja mkubwa na msahafu juu ya marufaa. Nikapapasa ukuta chini, chokaa ikanibambukia mkononi, imeroa. Kwenye nyumba hii bomba la zamani, bomba la udongo, linatoka bafuni, linapita chini ya chumba hicho kufuata ukuta mpaka kwenye chemba iliyo kichochoroni. Nikawa nshajua palipo na shida, lakini nilitaka aione kila aliyesema.

Nikatoka nje nikafungua mfuniko wa chemba. Nikateremsha debe la makaa na makumbi ya kutosha, yaliyorashiwa maji kidogo ili yatoe moshi tu. Nikaziba upande wa bomba linalokwenda baharini kwa gunia la maji, nikafunika juu kwa gunia jingine. Moshi ukakosa pa kwenda ila ndani ya nyumba. Nikarudi chumba cha nyuma, nikamwita Bwana Suleiman, nikamwambia asimame atazame.

Moshi ulianza kutoka pembeni ya mkeka. Kwanza uzi mwembamba, kisha mkeka mzima ukawa unafuka kama chungu cha wali kikipaliwa. Bwana Suleiman akapiga audhubillahi, akarudi nyuma, akakimbilia kichochoroni na kiatu kimoja. Nisameheni, nilicheka. Nilicheka mpaka Bi Mwanakombo akaja mlangoni, akaona moshi unapotoka, akashika kichwa. Nikaacha kucheka.

"Makame. Hapo ndipo alipooshewa Khamis."

Nikaukunja mkeka. Chini yake palikuwa na saruji mpya, ndefu kama mtu aliyelala, na moshi unatoka kwenye mipaka yake yote. Ulikuwa ufuo. Kwa vijana mliokulia kwenye mambo mapya: ufuo ni shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, ili maji yale yanywewe na ardhi yasitiririke ovyo. Mimi siudharau. Nilimchimbia baba yangu kwa mikono yangu kule Tumbatu, kwenye sakafu ya udongo, na nikafurahi kwamba nimeweza kumfanyia. Lakini sakafu ya Kiponda chini yake kuna mabomba. Wengi siku hizi huosha kwa meza yenye mrija, na hakuna aliyewaambia wamekosea. Siku ya msiba, kama Bi Mwanakombo alivyonieleza, Bwana Suleiman alikataa. Alisema kaka yake haoshwi kama samaki wa sokoni. Akashika mtaimbo mwenyewe, akavunja sakafu, karibu na ukuta wa bafu ili maji yasichotwe mbali. Baadaye shimo likafukiwa, likapigwa saruji, likatandikwa mkeka, watu wakalisomea khitma. Na kwa heshima hakuna aliyekanyaga tena pale.

"Hapa lazima pavunjwe," nikasema.

Bwana Suleiman alikuwa amerudi, kiatu kimepatikana na sauti pia. "Havunji mtu! Hapo ndipo kaka yangu alipoagwa. Mwanamke huyu ahamishwe, nyumba itengenezwe baadaye kwa taratibu."

"Kama itavunjwa baadaye, kwa nini isivunjwe sasa?"

"Kwa sababu ni heshima!"

Majirani walishaanza kuchungulia kwa ajili ya moshi. Bi Mwanakombo alikuwa ananitazama mimi. Mtu akishataja heshima ya maiti, fundi bomba atasema nini? Hapo pazia likatikisika, na sauti ya Bi Zuhura ikatoka, haikupanda, lakini hata wa nje waliisikia.

"Vunja, fundi. Mume wangu hayumo humo. Mume wangu yuko kaburini kwake. Humo mna bomba. Siku ile nilisema, humo mna bomba, nilisema nyuma ya pazia hili hili. Nikaambiwa mjane anyamaze, hii si siku ya maneno ya wanawake. Nikanyamaza. Mimi nimepiga deki sakafu hii tangu nilipoletwa bi harusi, najua maji yanapolia chini. Shemegi, ulinisikia."

Bwana Suleiman akarudisha kitambaa puani.

Nikavunja. Saruji ilikuwa nyembamba, ya haraka. Chini yake udongo umeroa, mweusi. Na nitakwambieni kitu ambacho sijakisikia kabla wala baada: pigo la kwanza lilipoingia, iliyotangulia kutoka haikuwa harufu mbaya. Ilitangulia karafumaiti, ile ya maji ya kuoshea maiti. Hafifu, lakini ile ile, tunayoijua sote. Bi Mwanakombo akaanza kulia bila sauti. Nyuma ya pazia pia nilisikia. Ndiyo baadaye ikafuata ile nyingine, ikatufukuza sote kwa muda.

Bomba la udongo lilikuwa na tundu juu yake, la duara, unene wa mtaimbo. Kila aliyeoga juu au chini, maji yake yalimwagikia humo, ardhi inakunywa, ukuta unanyonya, na bafu linatoa. Nilimwita Bwana Suleiman nikaingiza mtaimbo wake mwenyewe, uliokuwa ungali nyumbani mle, kwenye tundu lile mbele ya macho yake. Ukaingia sawasawa, haukugusa pembeni.

Kuitengeneza haikuwa kazi. Nilikata kipande kile, nikaunga bomba la plastiki, nikatoa udongo mchafu wote, nikatia mchanga mpya na chokaa, nikauacha ukuta uliobambuka wazi ukauke badala ya kuubandika marumaru. Ufuo wenyewe niliusogezea udongo safi, na Bi Mwanakombo akasoma alichosoma. Bahari ilipojaa tena, nilirudi makusudi nikavuta pumzi yangu moja. Bafu lilikuwa linanuka ndimu.

Bwana Suleiman alisema, "Alhamdulillahi, basi yamekwisha," akavaa viatu vyote viwili. Nikamfuata kichochoroni.

"Hayajakwisha. Ulikwenda baraza ukasema haogi. Nenda baraza hiyo hiyo ukaseme ni mtaimbo wako."

"Fundi, wewe umeitwa kwa bomba."

Nilitamani kumrudisha chini kwenye lile shimo. Barazani hakwenda. Habari ya Bububu ilikufa, na wale waliokuwa wanapima nyumba kwa macho hawakuonekana tena, kwa sababu mtaa mzima uliuona moshi. Lakini watu wale wa baraza hawakusema kitu. Sikumsikia hata mmoja akisema tulimkosea. Walihamia habari nyingine, kama neno lile halikuwahi kutoka vinywani mwao. Hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo. Bomba nililiziba kwa kazi ya jioni moja tu, na maneno yao sikuwa na kifaa cha kuyazibia.

Bi Zuhura alimaliza eda yake mwenyewe, katika nyumba yake, miguu yake juu ya sakafu yake. Siku alipotoka eda nilikuwa napita Kiponda kwa kazi nyingine. Bi Mwanakombo alikuwa amefungua madirisha yote. Udi uliokaa kifungoni miezi yote ile ulifukizwa siku hiyo pamoja, na nguo zikafukizwa, na asumini ikatiwa, na harufu ikatoka mlangoni ikashuka na kichochoro mpaka kwenye ile baraza ya kahawa. Wale wale walikuwa wamekaa na vikombe vyao. Wakainua pua.

"Yakhe, udi mzuri huu. Unatoka wapi?"

"Sijui. Labda kwa yule Mhindi wa pembeni."

"Au kuna harusi huko juu."

Wanageuza vichwa huku na huku, wanatafuta. Harufu mbaya ilipotoka, hakuna aliyetafuta. Walijua mara moja ni ya nani.

Nikasimama mbele yao na mkoba wangu begani. "Mnaulizana nini?" nikawaambia. "Inatoka kwa yule mliyesema haogi."